Protini Isiyoogopa Moto: Yubikwitini ya Mimea na Maabara Zetu



Shuleni tulifundishwa kwamba kazi ya jeni ni kutengeneza protini. Tulichora DNA, tukachora ribosomu ikiunga asidi amino moja baada ya nyingine, na mtihani ukaishia hapo. Hatukuulizwa protini hizo huenda wapi zikishamaliza kazi. Jibu ni kwamba nyingi hubomolewa kwa makusudi na kwa wakati wake, na seli hulipia ubomoaji huo kwa nishati yake yenyewe. Otesha maharage chini ya sufuria iliyofunikwa. Yatatoka marefu, membamba, ya manjano, vichwa vimeinama. Yaanike juani, na baada ya muda mfupi yanaanza kugeuka kijani. Watu hudhani mwanga umeuamsha mmea uanze kujenga. Ni kweli, lakini si yote. Gizani mmea ulikuwa tayari ukitengeneza HY5, mojawapo ya protini zinazoamrisha maisha ya mwangani, ila protini nyingine iitwayo COP1 ilikuwa ikihakikisha HY5 inabomolewa kila inapojitokeza. Mwanga ukiingia, COP1 hushikwa mkono na HY5 inabaki.

Hakuna ubomoaji wa aina hiyo bila yubikwitini. Ndiyo nitakayoizungumzia, hasa ile ya mimea, na hasa ile inayotengenezwa ndani ya bakteria kwa matumizi ya maabara. Watafiti wetu huinunua nje ikiwa unga mweupe mdogo sana kwenye kichupa cha plastiki, na kwa uzito wake ni ghali kuliko dhahabu. Ninachosema ni kimoja tu: protini hii tunaweza kuitengeneza wenyewe, katika maabara za kawaida tulizonazo, na kuendelea kuisubiri itoke ng'ambo ni uvivu tuliouzoea.

Kwanza tuelewane inafanya nini. Wakazi wa kandokando ya barabara kuu za Dar es Salaam wanaijua ile alama ya X nyekundu inayochorwa ukutani. Rangi ile haiangushi tofali hata moja. Inamwonyesha mwenye tingatinga pa kuanzia. Yubikwitini ndiyo hiyo X, na tingatinga ni chombo kikubwa chenye umbo la pipa kiitwacho proteasomu, ambacho humeza protini na kuikatakata. Tofauti ni kwamba seli ina tahadhari kuliko wachora alama. X moja mara nyingi haitoshi, hutakiwa nne au zaidi, kila moja imeungwa juu ya nyingine kama mnyororo. Tena kabla protini haijaingia kwenye pipa, X zote hubanduliwa zitumike kwingine.

Kuiweka alama hiyo kunahitaji vimeng'enya vya aina tatu. E1 huiamsha yubikwitini kwa kutumia ATP, ile nishati ya seli. E2 huipokea. E3 huchagua ni protini ipi ibandikwe, kwa hiyo E3 ndiye mwenye maamuzi. Angalieni idadi. Katika Arabidopsis thaliana, kimmea kidogo cha jamii ya kabichi ambacho wanabiolojia wamekichunguza kuliko mimea mingine yote, kuna jeni 2 za E1, 37 za E2, na zaidi ya 1,000 za E3 na sehemu zake. Binadamu tunakadiriwa kuwa na E3 zipatazo 600. Kwa nini mmea uzidi? Mnyama akipata shida hukimbia. Mmea umesimama palepale, jua liwake, mvua inyeshe, kiwavi aje, na kila hali huijibu kwa kubadilisha protini zilizomo ndani yake. Mimi hutosheka na maelezo hayo, ingawa najua wenzangu wa mageuzi ya viumbe wangependa tubishane zaidi.

Historia yake nitaipitia haraka, isipokuwa mahali pamoja. Mwaka 1975 Gideon Goldstein na wenzake huko New York waliitenga protini hii kutoka tezi ya thaimasi ya ndama. Waliona dalili zake kila walikopima: wanyama, hamira, mimea, hata bakteria. Kwenye bakteria walipotoka, na jambo hilo tutalirudia kwa sababu lina faida kwetu. Kazi yake halisi ilifichuliwa na watu wengine waliokuwa wakitafuta kitu tofauti kabisa. Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, wa Technion mjini Haifa, walikuwa wakichunguza seli nyekundu changa za damu ya sungura, wajue kwa nini kubomoa protini kunahitaji ATP. Waligawa rojo la seli mafungu mawili. Kila fungu peke yake halikubomoa kitu. Yakichanganywa, kazi ilifanyika. Taabu ilikuwa kwamba fungu moja lilijaa himoglobini, protini ile nyekundu ya damu, na kuitoa ilikuwa shughuli.

Wakalichemsha.

Kwa mtu wa fani hii hicho ni kitendo cha kukata tamaa, kwa sababu protini nyingi zikichemshwa huganda na kazi yake ikaisha. Himoglobini iliganda, ikatolewa. Maji yaliyobaki juu yalikuwa bado yanafanya kazi vilevile. Ripoti yao ya 1978 ilitangaza kipande cha protini kisichoharibiwa na joto, nao hawakujua bado kwamba ndicho kile kile cha Goldstein. Kufikia 1980, wakishirikiana na Irwin Rose wa Fox Chase mjini Philadelphia, wazo la kubandika alama lilikuwa limeshapatikana, na mwaka huohuo ikathibitika kuwa protini yao ni yubikwitini. Tuzo ya Nobel ya kemia waliipata wote watatu mwaka 2004.

Sasa tuingie kwenye mimea. Yubikwitini ina asidi amino 76. Mfuatano kamili wa yubikwitini ya mmea ulitolewa mwaka 1986 na maabara ya Richard Vierstra, Wisconsin, kutoka kwenye nafaka iitwayo oti. Ukilinganisha na ya binadamu au ya ng'ombe, ambazo zenyewe hazina tofauti yoyote, unakuta nafasi tatu tu zimebadilika. Nafasi ya 19 mnyama ana prolini, mmea una serini. Nafasi ya 24 mnyama ana glutamati, mmea una aspatati. Nafasi ya 57 mnyama ana serini, mmea una alanini. Tatu kati ya 76, baada ya zaidi ya miaka bilioni moja tangu tuachane na mimea. Mabadiliko machache hivyo ni dalili kwamba karibu kila upande wa protini hii unashikwa na kitu fulani, na atakayeugusa anaharibu.

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: kama tofauti ni herufi tatu, kwa nini nisitumie ya ng'ombe? Nimjibu bila kuficha. Katika majaribio mengi hakuna tatizo. Maabara nyingi duniani huchanganya E1 ya ngano, E2 ya binadamu na yubikwitini ya ng'ombe kupima E3 ya Arabidopsis, na mambo huenda. Anayeuza akikuambia bila ya mmea hutapata jibu, anauza. Lakini kuna mahali herufi hizo zina uzito. Serini iliyo nafasi ya 57 kwa wanyama na hamira inaweza kupachikwa fosfati, na alanini ya mmea haiwezi, kwa hiyo anayechunguza mabadiliko ya aina hiyo kwenye mmea akitumia ya ng'ombe amejitengenezea swali ambalo mmea haulijui. Vilevile ukipima jinsi protini fulani ya mmea inavyoikumbatia yubikwitini, uso unaokumbatiwa uwe ule wa kweli.

Kuna na upande wa pili, ambao mimi naupenda zaidi. Ukikata yubikwitini kwa kimeng'enya cha tripsini na kuvipima vipande kwa spektromita ya uzito, kipande chenye nafasi za 19 na 24, na kile chenye nafasi ya 57, vina uzito tofauti kwa mmea na kwa mnyama. Kwa hiyo ukitia yubikwitini ya ng'ombe ndani ya rojo la majani ya mahindi, unaweza kujua mnyororo ulioundwa umetumia uliyoitia wewe au iliyokuwamo tangu awali. Hapo ya ng'ombe ndiyo bora. Mtafiti awe nazo zote mbili na ajue ni kwa nini ameichukua hii na si ile.

Wakulima mliomo humu mtaniuliza yote haya yanawahusu nini. Nitawapa mifano miwili.

Wa kwanza ni ngano. Norman Borlaug alipata Nobel ya amani mwaka 1970 kwa ngano fupi aliyoizalisha Mexico, kwa kutumia jeni zilizotoka kwenye aina ya Kijapani iitwayo Norin 10. Ngano ya zamani ukiipa mbolea nyingi hurefuka, ikazidiwa na masuke yake na kulala chini. Hii fupi ilisimama. Sababu yake haikujulikana mpaka 1999. Ndani ya ngano kuna protini za kundi la DELLA ambazo kazi yake ni kuzuia ukuaji. Homoni ya jiberelini ikija, kipokezi chake huishika DELLA, E3 huibandika yubikwitini, inabomolewa, shina linarefuka. Katika ngano ya Borlaug, kipande cha mbele cha DELLA ambacho kipokezi hukishika kimeharibika. Homoni ipo, alama haiwekwi, kizuizi kinabaki. Mamilioni ya watu wamelishwa na protini iliyokataa kubomolewa, na aliyeichagua alikuwa hajawahi kusikia neno yubikwitini.

Wa pili upo mashambani kwetu, na hauna sifa nzuri. Ni kiduha, gugu lile la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, mtama na mpunga, Kanda ya Ziwa hadi magharibi ya Kenya. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Haioti moja mpaka isikie harufu ya kemikali za strigolaktoni kutoka kwenye mzizi wa mwenyeji. Mmea huo mwenyeji huzitoa ili kuita kuvu rafiki wanaoulisha fosforasi. Na tangu 2008 tunajua pia huzitumia ndani yake kama homoni ya kupunguza matawi. Kiduha anasikiliza simu isiyo yake.

Sasa tazameni ndani ya mbegu hiyo. Kipokezi chake kikiinasa strigolaktoni, hukutana na protini iitwayo MAX2, ambayo ni sehemu ya E3. Kwa ushahidi uliopo, kinachofuata ni kubandikwa alama kwa protini inayoizuia mbegu isiote, kisha kubomolewa. Kwa maneno mengine, kuota kwa kiduha ni ubomoaji. Mtu anayetafuta kemikali ya kuidanganya mbegu iote pasipokuwa na mahindi, ikafa kwa njaa, au kemikali ya kuuziba mlango huo kabisa, anachezea mfumo huu. Na atakapotaka kuthibitisha kwenye kichupa kwamba kemikali yake inaleta alama au inaizuia, atahitaji E1, E2, MAX2 na wenzake, ATP, na yubikwitini.

Nisisahau dawa ya magugu ya 2,4-D, ambayo wengi wenu mmeipulizia kwenye mahindi au miwa. Hiyo inajifanya homoni ya oksini. Mwaka 2005 ilibainika kwamba kipokezi cha oksini, TIR1, chenyewe ni sehemu ya E3. Homoni huingia kwenye kishimo chake na kufanya protini lengwa ishikike vizuri zaidi. Dawa kadhaa za kisasa za saratani hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na mimea ndiyo iliyotutangulia kuionyesha waziwazi.

Nirudi maabara, kwa sababu ndiko kwenye hoja yangu.

Kutengeneza yubikwitini kunaanza na jeni. Asidi amino 76 ni herufi 228 za DNA, ongeza tatu za kusimamisha, 231. Siku hizi jeni ya ukubwa huo inaagizwa kwa barua pepe, inapachikwa kwenye plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA, na plasmidi inaingizwa ndani ya E. coli. Hapa ndipo kosa la 1975 linapotufaa: E. coli hana yubikwitini yake, wala E1. Utakachokuta ni kile ulichokiweka, na hakuna kimeng'enya ndani ya bakteria kitakachoanza kukibandika ovyo. Bakteria hukuzwa kwenye mchuzi wake, huamriwa kutengeneza protini, baada ya saa kadhaa hukusanywa kwa sentrifuji na kupasuliwa. Kama huna mashine ya mawimbi ya sauti, lisozaimu na kugandisha-na-kuyeyusha mara chache vinatosha.

Hatua inayofuata ndiyo ninayotaka wanafunzi waione kwa macho. Rojo la bakteria lina maelfu ya protini. Unaliweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 80 hadi 85, dakika chache. Lilikuwa kimiminika cha manjano chenye kung'aa kidogo, ghafla linakuwa zito na jeupe kama maziwa yaliyokatika. Unalizungusha kwenye sentrifuji. Chini panabaki donge la kila kilichoshindwa na joto, juu maji meupe safi, na ndani ya maji hayo, yubikwitini ikiwa nzima kabisa. Wengine hutumia asidi ya perkloriki badala ya joto, na matokeo ni mazuri sana. Kwa maabara ya wanafunzi mimi siitaki. Ikikauka pamoja na vitu vya kikaboni inaweza kulipuka, na makabati yetu mengi ya kuvuta hewa chafu hayavuti. Kinachobaki baada ya hapo ni kupitisha kwenye safu ya kubadilishana ioni katika pH ya 4.5, ambapo yubikwitini ina chaji chanya na hushika, halafu kuiondoa kwa chumvi inayoongezwa polepole. Lita moja ya mchuzi hutoa miligramu kumi kadhaa. Majaribio hutumia mikrogramu, kwa hiyo fanyeni hesabu.

Kuna mitego, na nitaitaja ile inayowapoteza watu muda. Yubikwitini haina triptofani na ina tairosini moja tu, kwa hiyo mwanga wa urujuanimno wa nanomita 280 unaitambua kwa shida: miligramu moja kwa mililita husoma kama 0.16, wakati protini nyingi zingesoma karibu na 1. Mwanafunzi huona namba ndogo, akadhani hana kitu, akamwaga. Uzito wake ni kama dalton 8,500, kwa hiyo kwenye jeli ya kawaida hukimbia na kutokea chini kabla hujasimamisha umeme. Tumia jeli nzito ya asilimia 15 au zaidi. Na ukitaka kuipachika kibandiko cha kuitambulisha, kama vile histidini sita, kiweke kichwani. Mkia unaoishia kwa glaisini ya 75 na ya 76 ndio unaounganishwa na protini lengwa. Ukiuziba umetengeneza protini nzuri isiyoweza kazi yoyote. Anayenunua naye asome karatasi ya maelezo kabla ya kulipa, kwa sababu zipo zinazouzwa zikiwa zimebadilishwa makusudi. Kuna ambayo laisini zake zote saba zimegeuzwa arginini ili isiweze kuunda mnyororo wa kawaida kupitia laisini. Ni kifaa kizuri kwa anayekitaka. Asiyejua atalia.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Unachanganya E1, E2, E3, protini lengwa, yubikwitini, ATP na magnesiamu, unaweka kwenye nyuzi 30 kwa saa moja au mbili, unapitisha kwenye jeli. Protini lengwa iliyokuwa mstari mmoja inapanda juu ngazi kwa ngazi mpaka inakuwa ukungu. Wanafunzi hufurahia sana ukungu huo. Mimi nauliza kwanza iko wapi safu isiyo na E1, na iko wapi isiyo na ATP. Bila hizo mbili, ukungu unaweza kuwa jeli iliyoharibika. Asiye na uwezo wa kusafisha vimeng'enya vyote hivyo ana njia nyingine iliyochapishwa mwaka 2017: kuziweka jeni za E1, E2, E3, protini lengwa na yubikwitini za Arabidopsis zote ndani ya E. coli mmoja, na kuliacha jaribio zima lifanyike humo. Kinachohitajika ni plasmidi, friza na subira.

Kila mtafiti katika ukumbi huu anajua kinachotokea tunaponunua. Fomu, idhini, fedha za kigeni, kisha mzigo unaokaa uwanja wa ndege huku barafu kavu ikiisha na karani akiuliza kama "protini" ni chakula au dawa. Unga wa yubikwitini, kwa bahati njema, huvumilia. Wanafunzi wa uzamili hawavumilii. Ruzuku yao ina tarehe. Nimewaona wakibadilisha mada ya utafiti kwa sababu kichupa hakikufika.

Sisemi tutengeneze kila kitu. E1 ni kubwa na ina tabia zake, na vimeng'enya vingine bado ni nafuu kununua. Ninasema tuanze na hiki ambacho hata joto la karibu na kuchemka linatusaidia kukisafisha. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akikitengeneza atakuwa amejifunza kupachika jeni, kukuza bakteria, kusafisha protini na kuipima, na mwisho wa muhula atakuwa na kitu ambacho mtafiti wa mahindi au wa mtama jengo la pili anakihitaji.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wakuu wa idara mlioketi safu ya mbele. Wekeni zoezi hili kwenye mafunzo ya vitendo ya muhula ujao. Plasmidi ikishafanya kazi katika chuo kimoja, gawaneni na vingine. Inasafiri ikiwa tone lililokauka kwenye kipande cha karatasi ndani ya bahasha. Jeni ni herufi 231, na mnaweza kuiagiza wiki hii.